Deni la Faki

Mlionifuata tangu mwanzo mwajua niliishia wapi juma lililopita. Mlioanza leo, nitawaeleza kwa ufupi, kisha tuendelee.

Mimi ni Faki wa Mwidani, mzaliwa wa Mtongwe, Likoni. Mwaka wa hamsini na nane nilikuwa kuli katika ghala moja la katani huko Changamwe. Ghala likashika moto mchana. Ndani walikuwamo watu wawili: kuli mwenzangu aitwaye Kenga, na mlinzi, Mzee Boga.

Rafiki yangu Odhiambo, mtu wa bara, aliingia kuwatoa. Akamburura Kenga mpaka nje, mimi nikampokea, naye akarudi ndani kumfuata Mzee Boga. Hawakutoka tena, yeye wala mzee.

Meneja alipofika alinikuta nimempakata Kenga.

"Wewe ndiye uliyemtoa?"

"Ndiyo, bwana."

Kwa jibu hilo nilipata barua ya sifa yenye muhuri. Nikafanywa nyapara. Mwenye duka wa mtaani akawa ananikopesha bila kuandika. Baba mkwe akanioza binti yake, Mwanamkasi, kwa nusu ya mahari. Nusu nyingine akasema ataningoja, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuaminika. Watu wakisafiri waliniwekea amana zao, na wakirudi hawakuzihesabu.

Siku ya tatu baada ya moto nikatia sahihi karatasi nyingine aliyoniletea meneja. Hiyo ilisema moto ulianzishwa na sigara ya Odhiambo, na sahihi yangu hakuonyeshwa mtu yeyote nje ya ofisi ya kampuni. Odhiambo hakuvuta sigara maisha yake yote. Kwa karatasi hiyo mkewe alinyimwa fidia, na mumewe akaandikwa kuwa ndiye aliyeua.

Basi leo nitasimulia jinsi mke huyo alivyobisha hodi kwangu.

Ilikuwa mwaka wa sitini na moja, Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimejinyoosha. Mwanamkasi akaja chumbani, sauti ameishusha.

"Babake Tatu, yuko mgeni yuwakungoja barazani. Mwanamke wa bara. Amekuja na gari la moshi, na jina lako yuwalijua."

Kabla sijavaa shati niliisikia ile harufu.

Lazima niwaeleze. Tangu ule moto, nilikuwa nikisikia harufu ya magunia yanayoungua mahali pasipo na moto. Kila niliposifiwa harufu ilikuja, na nyuma yake kikohozi. Odhiambo alikuwa na kikohozi cha vumbi la katani, kifupi, mara mbili, kisha kimya. Nilikisikia msikitini. Nilikisikia kazini. Siku ya arusi yangu, shekhe ameshika mkono wangu na mkono wa baba mkwe, nilikisikia nyuma ya bega langu, nikageuka. Watu wakacheka, wakasema bwana arusi ana haya.

Nikatoka barazani.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, sanduku dogo la bati miguuni pake.

"Wewe ni Faki?"

"Ndimi."

"Mimi ni Achieng. Bwana yangu alikuwa Odhiambo."

Mwanamkasi akamletea maji, akampa pole, akamshika mkono. Mke wangu alijua Odhiambo alikuwa rafiki yangu. Hakujua zaidi ya hapo.

"Shemeji," Achieng akaniambia, "sikuja kulia. Kulia nilimaliza. Nimekuja kulipa."

"Kulipa nini?"

"Deni lako."

Akafungua sanduku. Akatoa barua iliyokunjwa mpaka ikaanza kukatika, na kitambaa kilichofungwa fundo.

"Mama mkwe wangu anamwota mwanawe. Mwaka wa tatu huu. Anakuja, anakaa, haongei habari nyingine. Anasema tu, deni la Faki, deni la Faki. Na hii barua yake ya mwisho, tazama hapa chini ameandika: shilingi arobaini, Faki. Basi wazee wakakutana. Wakasema huyu alikufa na deni la mtu wa pwani, ndiyo sababu hatulii. Nikauza mtamba. Hizi hapa, arobaini."

Ndugu zangu, sikilizeni vizuri.

Miezi miwili kabla ya moto mama yangu alifariki. Sikuwa na pesa ya sanda. Odhiambo alinipa shilingi arobaini, karibu nusu ya mshahara wake. Hakuniandikisha, hakuita shahidi. Alisema, "Utanipa ukipata." Sikupata, au nilipopata nilinyamaza, na kisha akafa.

Deni la Faki. Maneno hayo yana pande mbili. Wazee wa watu walishika upande mmoja. Odhiambo alikuwa akisema ule mwingine.

Ningaliweza kusema palepale. Mdomo niliufungua. Kilichotoka ni hiki:

"Shemeji, nimemsamehe. Rudi nazo ukawalishe watoto."

Nikamwona Mwanamkasi ananitazama kwa fahari, macho yamejaa machozi. Hata uongo ule ukanipa sifa.

Achieng akatikisa kichwa.

"Kusamehe hakutoshi. Wazee walisema ziingie mkononi mwako, nawe useme kwa mdomo wako kwamba deni limekwisha. Nimesafiri siku mbili kwa neno hilo."

"Pokea, babake Tatu," Mwanamkasi akasema. "Usimzuilie marehemu njia. Mwenyezi Mungu atakujazi kwa nia yako."

Nikanyoosha mkono. Ulitetemeka mpaka fundo likagonga pete yangu. Nikapokea.

"Sema," Achieng akaniambia.

"Deni limekwisha."

Nikasikia kikohozi, mara mbili, palepale barazani. Wanawake wawili wale hawakusikia kitu. Achieng alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo, akanywa maji yake yote.

Nilidhani ataondoka.

"Shemeji, liko jambo la pili," akasema. "Huku Changamwe yuko katibu wa chama cha wafanyakazi, anaitwa Mwarandu. Aliniandikia barua. Anasema madai ya fidia yanaweza kufunguliwa upya, akipatikana shahidi wa kusema kwamba bwana yangu hakuvuta sigara. Nikamwandikia kumwuliza, shahidi gani wataamini? Akasema, Faki. Akisema Faki, hakuna atakayebisha."

Mwanamkasi akajibu kabla yangu.

"Atakwenda. Vipi asiende?"

Tukaagana tukutane Jumanne kwa Mwarandu. Achieng akaenda kulala kwa jamaa yake Changamwe, Philister, aliyekuwa akiuza chapati karibu na nyumba za reli.

Siku mbili zile kile kitambaa nilikificha chini ya mchele, halafu juu ya boriti, halafu nikakitia mfukoni nikatembea nacho. Jumatatu mwenye duka aliniita akanitaka nikae na ufunguo wa duka lake, yeye aende Lamu kwa wiki mbili. Nikaukataa. Akacheka, akanisukumizia mkononi.

"Nisipokuamini wewe, nitamwamini nani?"

Harufu ile ilinifuata mpaka nyumbani. Nikaona siwezi tena. Nikanuia kusema.

Ofisi ya chama ilikuwa chumba kimoja cha mabati. Mwarandu, kijana wa Kirabai mwenye miwani, alikuwa na mafaili mezani. Achieng alikaa kwenye benchi, karibu na makuli watatu wazee waliokuwa wakingoja kueleza shida zao.

"Karibu, ndugu Faki," Mwarandu akasema. "Jambo lenyewe ni jepesi. Utasema humkumbuki Odhiambo akivuta sigara. Nitaandika, utatia sahihi."

"Andika zaidi ya hayo," nikamwambia. "Andika kwamba si mimi niliyemtoa Kenga. Ni Odhiambo. Aliingia, akamtoa, akarudi kumfuata Mzee Boga. Mimi nilikuwa nje. Ile barua ya meneja haikuwa haki yangu."

Mwarandu aliweka kalamu chini. Akatabasamu kwa upole.

"Nakuelewa, ndugu yangu."

"Hunielewi. Nakwambia lililotokea."

"Naelewa. Umemwona mjane, moyo umekuuma. Wataka kumpa marehemu sifa yako ili mkewe apate chochote. Lakini wale mawakili wa kampuni si watoto. Watatuangusha."

"Wallahi, Mwarandu, si mimi niliyemtoa."

"Usiape, ndugu."

Mmoja wa wale makuli wazee akatikisa kichwa.

"Watu kama hawa wamebaki wachache," akawaambia wenzake.

"Alikuwa hivyohivyo tangu zamani," mwingine akajibu. "Mtu hataki hata kushukuriwa."

Nilihisi kama mtu anayezama huku walio ufukweni wanampungia mkono. Miaka mitatu nilikuwa nimedanganya kwa neno moja, na kila mtu aliamini. Sasa nasema kweli kwa kiapo, na hakuna anayeisadiki.

"Tazama," Mwarandu akaendelea, sasa kwa sauti ya kazi. "Ukisema ulidanganya mara ya kwanza, hakimu atauliza, kwa nini akuamini mara ya pili? Hata lile la sigara litakwenda na maji. Chagua moja. Au niletee shahidi mwingine. Yule Kenga mwenyewe yuko wapi?"

"Magogoni, Kisauni."

"Basi akisema Kenga, nitaandika. Bila Kenga sitakuacha ujiharibie jina bure."

Nikatoka nje. Jua lilikuwa kali. Achieng alinifuata mpaka karibu na njia ya reli, akasimama mbele yangu.

"Mimi nimekuamini," akasema.

Sikuweza kumtazama.

"Ulipozipokea zile pesa mkono wako ulitetemeka. Nimewalipa watu wengi tangu afe bwana yangu. Anayelipwa hatetemeki. Arobaini zile. Nani alikuwa akimdai mwenziwe?"

"Yeye alinidai mimi. Zilikuwa za sanda ya mama yangu."

"Na wewe ukazichukua."

"Nikazichukua."

Nikatoa kitambaa. Fundo lilikuwa kama alivyolifunga yeye. Hakukipokea.

"Si hapa njiani. Utanipa mbele ya mtu. Twende kwa huyo Kenga."

"Leo?"

"Mimi sina kwetu huku, shemeji. Kila siku ninayokaa ninakula chapati za Philister. Leo."

Tukapanda basi mpaka mjini, tukavuka daraja la Nyali kwa miguu, tukashika njia ya Kisauni. Alikuwa akitembea mbele, mimi nyuma, kama mfungwa na askari wake. Baadaye akapunguza mwendo.

"Alikuwa akila vizuri huku?"

"Alikula. Samaki aliwazoea, lakini nazi ilimsumbua tumbo."

"Alikuwa akinitaja?"

"Kila alipoandika barua. Alisema wewe wajua kusoma kuliko yeye, utamcheka kwa makosa yake."

Alicheka kidogo, akajipangusa uso kwa ncha ya kitambaa. Heri angenitukana.

Katika miaka mitatu sikuwa nimekwenda kumtazama Kenga hata mara moja. Watu walidhani naona haya kushukuriwa. Nilijiambia kwamba alikuwa amezirai, hakumbuki kitu, na kwamba mgonjwa si vizuri kukumbushwa mabaya.

Tulimkuta amekaa kibarazani kwake, nyumba ya makuti, anasokota kamba ya makumbi. Alikuwa mtu wa kubeba robota mbili kwa mpigo. Sasa shati lilimning'inia, na kila pumzi aliivuta kwa kazi, kama mtu anayepanda ngazi.

Aliinua macho.

"Nyapara."

"Kenga. Hujambo?"

"Sijambo hivi. Nimekungoja tangu mwaka wa hamsini na nane." Akamtazama mwenzangu. "Na huyu ni nani?"

"Mimi ni Achieng. Mke wa Odhiambo."

Kenga aliweka kamba chini. Akainuka kwa kushika ukuta, akampa mkono, mikono yake yote miwili, akakaa tena akihema. Akamvutia kigoda. Mimi hakunipa pa kukaa.

Nikasema nikiwa nimesimama.

"Kenga, mwambie mama huyu nani aliyekutoa motoni."

"Mumewe," Kenga akasema. Alimwambia Achieng, si mimi. "Alinishika makwapani akanivuta kinyumenyume. Nilikuwa macho. Alikuwa akikohoa juu ya kichwa changu na kuniambia, vumilia, tumefika. Akanitia mikononi mwa huyu, akarudi."

Achieng aliufunika mdomo kwa kiganja.

"Na mbona hukusema?" akamwuliza.

"Nilisema, mama. Walikuja hospitali wakaniambia, mshukuru Faki, ndiye aliyekutoa. Nikasema sivyo. Wakaambiana kwamba moshi umenipanda kichwani. Nilipopona nikasema tena. Ndugu zangu mwenyewe wakaniambia sina shukrani. Yeye alikuwa na barua yenye muhuri. Mimi nilikuwa na kifua hiki. Mtu anasema mara mbili, mara tatu, kisha ananyamaza."

"Utamwambia Mwarandu?" nikauliza.

"Nitamwambia. Hata kwa machela nitakwenda."

Nikapiga magoti mbele ya Achieng, nikafungua lile fundo, nikamhesabia shilingi arobaini mapajani mwake, Kenga akitazama. Nikamwambia, "Hili ndilo deni la Faki. Nilikuwa nalo mimi." Akazikusanya polepole. Hakunishukuru, na sikutaka anishukuru. Nikavuta pumzi, na hewa ilikuwa hewa tu, haina harufu yoyote. Nikadhani nimemaliza.

"Umemwambia yote?" Kenga akaniuliza.

"Yote."

"Na habari ya mlango?"

Wasomaji wangu, majuma yote haya nimewaficha jambo moja. Nilitumaini hadithi itafika mwisho bila hilo, kama nilivyotumaini maisha yangu yatafika mwisho bila hilo.

Ghala lile lilikuwa na mlango wa chuma wa kusukuma, na komeo lake lilikuwa kwa nje. Odhiambo alipoingia mara ya pili, ulimi wa moto ulitoka ukanirukia usoni. Nikamwachilia Kenga chini. Nikausukuma mlango. Nikateremsha komeo.

Sikufikiri. Au nilifikiri. Miaka yote hii sijui.

Nilipotaka kulinyanyua tena lilikuwa limepata moto. Ngozi ya viganja vyangu ilibaki juu ya chuma. Nina makovu mpaka leo. Wazee wa mtaa wetu huyashika makovu haya na kuniombea dua, wakidhani niliyapata nikiokoa mtu.

"Mlango gani?" Achieng akauliza.

Kenga alikuwa akinitazama mimi.

Nikamwambia Achieng. Nilimwambia nikiwa bado nimepiga magoti, kila kitu, mlango, komeo, viganja, hata ile karatasi ya sigara. Nikavigeuza avione. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu anayesoma karatasi ya mwingine.

Achieng alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, hakunipiga. Alivitazama viganja vyangu kwa muda mrefu, kisha akaviacha, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

"Sikuulizi kwa nini," akasema. "Nataka jambo moja tu, nimpelekee mamake. Alipokuwa nyuma ya mlango ule, alikuita?"

Nikamgeukia Kenga. Siku ile alikuwa amelala hatua mbili tu kutoka mlangoni, na alisikia nilichosikia mimi. Alikuwa ameokota kamba yake, lakini hakuwa anaisokota.

Hakunisaidia. Walinitazama wote wawili, wakaningoja.